Jibu: Kuwatofautisha gorila kwa alama za pua

Salaam ndugu. Umesema unachora alama za pua (umbo la matundu na mikunjo iliyo juu yake) za gorila wa milimani kwa njia aliyoitumia mtafiti Dian Fossey pale kituo cha utafiti cha Karisoke, Rwanda, kuanzia 1967, lakini madume wawili wanaendelea kukuchanganya.

Kagua kwanza pembe ya picha. Mnyama akigeuza uso kidogo tu, mikunjo iliyo juu ya matundu ya pua hubadilika umbo, na mchoro unakuwa wa mnyama mwingine kabisa. Tumia picha za uso wa mbele pekee. Jua la utosini nalo huharibu: kivuli cha paji hufunika pua. Mawingu mepesi ni bora zaidi.

Chora umbo la matundu kwanza, kisha mikunjo, upande wa kulia na kushoto kila mmoja peke yake, kwa sababu pande hizo hazifanani. Kovu au sikio lililochanika liandike pembeni pamoja na tarehe. Kovu jipya linaweza kutokea wakati wowote. Mgongo wa fedha, yaani manyoya ya kijivu mgongoni, usiutegemee hata kidogo, kila dume aliyekomaa anao.

Ukihamia kwa sokwe, usibebe njia hii nzima. Mtafiti Jane Goodall, aliyeanza kazi Gombe, Tanzania, mwaka 1960, aliwatambua kwa sura na tabia. Sokwe dume aliyemwita David Greybeard alijulikana kwa ndevu zake za kijivu.

Na tafadhali, usisogee karibu ili upate picha nzuri. Mafua yetu huwaua. Baki mita 10, vaa barakoa, tumia lenzi ndefu.