Nyumba ya mawe ya zamani: mbona plasta inabambuka chumba kimoja tu?

SWALI: Nyumba yetu ya mawe hapa Nakuru ni ya enzi za mkoloni. Ilikuwa makao, ikawa agroveti (duka la mbolea, mbegu na dawa za mifugo), sasa tunataka kufungua hoteli. Chumba cha mbele tumekipiga plasta ya saruji mara mbili, na kila baada ya mvua inabambuka hadi mita moja kutoka sakafuni. Fundi anasema ni jiwe la mchanga na limechoka. Tufanyeje?

JIBU: Jiwe halijachoka, na huenda hata si la mchanga. Mawe mengi ya kijivu ya Nakuru na Njoro ni majivu ya volkano yaliyogandamana. Likwangue: ukiona vijipande vyepesi vyenye matundu, ndilo hilo. Hunywa maji na kuyatoa, bora lisizibwe kwa saruji.

Kwa nini chumba hicho tu? Nadhani ndimo magunia ya mbolea yalimoegemezwa ukutani. Chumvi ya mbolea huingia ndani ya jiwe. Unyevu ukipanda huiyeyusha, ukuta ukikauka inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Ukibandua utakuta unga mweupe uliosimama kama manyoya. Usiuoshe! Maji yataurudisha ndani. Ufagie mkavu, uutupe mbali.

Anzeni nje. Ardhi ishuke sentimita 15 chini ya sakafu, na kama kuna kibaraza cha saruji kilichobana ukuta, kivunjwe. Ndani, bandueni plasta hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, mchimbue viungo vya mawe milimita 25.

Plasta mpya iwe ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga mkali (wenye chembe za kukwaruza) wa mtoni. Chokaa ya ujenzi, iliyochomwa, ilowekwe angalau siku nzima. Ile ya shambani ni jiwe lililosagwa tu, haishiki kamwe, na wengi wameuziwa hiyo. Lowesha ukuta kidogo, piga tabaka zisizozidi milimita 10, funika kwa magunia mabichi wiki moja. Plasta hii ya kwanza ni ya kufyonza chumvi: itaharibika baada ya miezi kadhaa, muitoe mpige nyingine. Juu ya hiyo ya pili pakeni chokaa ya maji kama rangi, si rangi ya plastiki.

Kubadilisha matumizi kunahitaji kibali cha kaunti chini ya sheria ya mipango ya 2019. Kama nyumba imetangazwa kuwa turathi chini ya sheria ya 2006, msiguse jiwe kabla ya kuzungumza na Makavazi ya Kitaifa.

Jiko la hoteli liwekeni chumba kingine. Mvuke wa sufuria utaiamsha chumvi iliyobaki.