Maswali ya Wasomaji: Ankara Inayotoka na ZDDDD?

SWALI: Nina depo ya dawa Kadutu, Bukavu. Ankara tunazitoa kwa programu ya zamani ya DOS (mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows), ya Kifaransa, na printa ya Epson ya pini 9. Tangu printa irudi kwa fundi, mistari ya jedwali inatoka kama herufi za italiki (zilizoinama): juu ZDDDD?, pembeni 3, chini @DDDDY. Herufi é haitoki kabisa. Kwenye skrini hakuna kasoro. Je, ni virusi?

JIBU: Si virusi, mama, na kichwa cha printa ni kizima, usikubali kuuziwa kingine. Programu yako haipeleki mchoro wa mstari, inapeleka namba. Mstari wa kulala ni 196, wa kusimama 179. Printa inatafuta kila namba katika orodha yake ya herufi, inayoitwa jedwali. Ikiwekwa kwenye jedwali la Italic, kila namba kuanzia 160 inapunguzwa 128. Toa 128 kwenye 196, inabaki 68, ambayo ni D. Kwenye 179 inabaki 51, ambayo ni tarakimu 3. Nayo é ni 130, na katika jedwali hilo nafasi yake haina herufi. Inaelekea mipangilio ya printa ilibadilishwa kwa fundi.

Dawa ya kudumu iko ndani ya printa yenyewe: kwenye mipangilio yake, toa Italic, weka PC437, jedwali lenye mistari na é. Modeli za zamani zaidi zina vibonyezo vidogo vya kazi hiyo. Zima umeme kabla ya kuvigusa.

Huwezi kuifikia mipangilio hiyo? Tuma amri 27 116 1, yaani Esc, t na Ctrl-A. Fungua EDIT, programu ya kuandikia ya DOS, bonyeza Ctrl-P kisha Esc, andika t ndogo, halafu Ctrl-P na Ctrl-A. Hifadhi kwa jina ANZA.BIN. Kisha ipeleke kwenye printa (LPT1 ni tundu lake):

COPY /B ANZA.BIN LPT1

Printa inaisahau amri hii kila inapozimika, na umeme wetu tunaujua. Basi uweke mstari huo ndani ya faili ya BAT (faili ya amri za DOS) inayofungua programu, na ukiwaka tena, ifungue programu kwa faili hiyo hiyo.

SWALI: Kila ukurasa unaanza inchi moja juu zaidi ya uliotangulia. (Goma)

JIBU: Karatasi yako ni ya inchi 12, printa inahesabu 11: mistari 66 badala ya 72. Tuma 27 67 72 kwa njia ile ile (Ctrl-P kisha Esc, C kubwa, H kubwa), ila kwanza sogeza karatasi hadi mkunjo uwe mahali pa kuanzia, kwa sababu printa inahesabu kuanzia hapo ilipoipokea amri.