Fundi elfu moja, spana elfu kumi: maswali yenu kuhusu pedi za breki

Mwezi uliopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba gari likianza kulia ukikanyaga breki lisingojewe mshahara. Tangu siku hiyo simu haijatulia. Wengi mnauliza jambo moja kwa sura tofauti: pedi nibadilishe mwenyewe au nimpe fundi? Nimechagua maswali machache, mengine nimeyafupisha.

*Shikamoo fundi. Nina Vitz. Fundi wa huku Ngala ameniambia pedi za mbele zimekwisha, anataka shilingi 4,000: pedi 3,000 na kazi yake 1,000. Nimetazama video ya Mmarekani, anasema ukibadilisha mwenyewe unaokoa mamia ya dola. Mikono ninayo. Kwa nini nitoe elfu moja ya bure? (Mwalimu, Ngala)*

Marahaba, mwalimu. Huyo Mmarekani hakudanganyi, ila hesabu yake ni ya kwao. Kule gereji nyingi hutoza zaidi ya dola 100 kwa saa moja ya kazi. Mtu akijilaza chini ya gari lake Jumamosi, anaepuka sehemu kubwa ya bili. Hapa Malindi bili imesimama kichwa chini miguu juu: spea ndiyo ghali, mkono wa mtu ndio rahisi. Katika 4,000 zako, fundi anachukua robo. Hiyo robo ndiyo unayotaka kuiokoa.

Sasa tuangalie utaiokoa kwa kutumia vifaa gani. Ile jeki iliyokuja na gari ni ya kubadilishia tairi njiani, haifai kushikilia gari wakati umeingiza mikono humo ndani. Utahitaji stendi mbili, soketi na mpini wake, klempu ya kurudisha pistoni ndani ya kalipa (kalipa ndiyo inayobana pedi, na pistoni ndiyo inayozisukuma), brashi ya waya, grisi ya breki inayostahimili joto, na ikiwezekana spana inayopima nguvu ya kukaza nati. Nunua hata vya bei ya chini kabisa, elfu kumi inateleza. Kwa mwendo wa nyumbani hadi shule na sokoni, pedi nzuri zinaweza kukaa miaka miwili au mitatu. Piga hesabu mwenyewe, wewe ndiye mwalimu: ukiokoa elfu moja kila baada ya miaka miwili na nusu, elfu kumi yako itarudi ukiwa umeshastaafu.

Hesabu inageuka kama spana tayari unazo, au kama nyumba yenu ina magari matatu na ndugu mtachangia vifaa. Hapo fanya. Fanya pia kama unapenda tu kujua gari lako linavyosimama, kwani hiyo nayo ni starehe, na starehe haipigiwi hesabu. Ila tafuta sakafu ya saruji. Mchanga wetu huu wa pwani unameza jeki; ukikosa saruji, weka ubao mpana na mnene chini yake. Na usiingize hata mguu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Lakini mwalimu, pesa yenyewe haipotelei kwa fundi. Inapotelea kwenye kuchelewa. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi za kile kitu chenye kusugua. Zikibaki 3, badilisha. Pedi nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi kigusane na diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, pedi zikikaribia kuisha, na ule mlio unaowaudhi abiria ndio huo. Watu wanaongeza sauti ya redio. Bandu bandu, siku moja chuma kinakutana na chuma, diski inachimbika mistari, na bili iliyokuwa ya pedi peke yake inakuwa ya pedi na diski mbili. Tofauti hiyo ingemlipa fundi wako mara kadhaa.

*Nikimpeleka fundi gari nabaki na wasiwasi. Nitajuaje ameweka pedi mpya na si kuzipiga msasa zile kuukuu? Mimi ni mwanamke, wananiona sijui kitu. (Mama wa Barani)*

Dada, wasiwasi wako una msingi, na wala si wa wanawake peke yao. Nimeona mwanamume mwenye sauti nene akiondoka amefurahi na pedi zake zilezile.

Nunua pedi mwenyewe. Nenda dukani na namba ya chasi, au hata na pedi moja ya zamani mkononi, kwa sababu Toyota za jina moja zinaweza kutofautiana pedi. Fungua boksi palepale kaunta. Pedi za breki za diski huuzwa nne kwa ekseli moja, mbili kila gurudumu, na zote hubadilishwa kwa pamoja. Anayekuambia ubadilishe upande mmoja anakutafutia gari linalovuta pembeni. Tazama kama kile kitu cha kusugua kimeshikana sawasawa na bati lake, hakuna ufa pembeni, hakuna mahali palipomeguka. Tafuta maandishi mgongoni au ubavuni. Pedi nyingi zina msimbo unaomalizikia kwa herufi mbili, kama EE, FF au GG. Ya kwanza inaeleza msuguano pedi ikiwa baridi kiasi, ya pili ikiwa moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F kati ya 0.35 na 0.45, G hadi 0.55. Kwa gari la familia, FF ni kitu cha heshima. Herufi peke yake haithibitishi kwamba si feki, kwani anayeiga boksi hashindwi kuiga herufi, lakini pedi isiyo na alama yoyote popote mimi siifungi kwenye gari la mtu.

Kisha omba kiti, ukae hapohapo. Fundi mzuri hakasiriki. Mwambie tangu mwanzo: "Zile za zamani nitaondoka nazo." Sentensi hiyo moja inafanya kazi kuliko kugombana. Na gurudumu likiwa limetolewa, mwulize: "Pini za kalipa umezisafisha?" Atakutazama mara mbili, na bei itakaa sawa siku zote.

Kitu kimoja nisichokubali katika gereji zetu: kupuliza vumbi la breki kwa kompresa au kwa mdomo. Baadhi ya pedi na laining (kitu cha kusugua cha breki za dramu), hasa za zamani na za bei ya kutupa, zina asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Mwombe alifute kwa kitambaa kibichi. Sogeza kiti chako upande unakotoka upepo.

*Nyumba yetu iko karibu na ufuo, Watamu. Gari likilala siku mbili, asubuhi breki zinakwaruza na diski zina rangi ya kutu. Nimeambiwa ninunue diski mpya. (Msomaji, Watamu)*

Usinunue. Diski ni chuma kitupu, hakipakwi rangi pale pedi inaposugua, na hewa yenu ina chumvi. Kutu hiyo ya juujuu inafutika ukishakanyaga breki mara chache. Ikiwa baada ya kilomita kadhaa bado inakwaruza, hapo ndipo pa kufungua na kupima. Diski nyingi zimepigwa chapa ya unene wa chini kabisa unaokubalika, milimita kadhaa, kwenye ukingo au karibu na kitovu. Ikiwa imeshuka chini ya hapo, haina dawa.

Chumvi hiyo ina mahali pengine inapojificha, nako ndiko kunakoniuma roho. Kalipa ya magari mengi madogo huteleza juu ya pini mbili zilizofunikwa mipira. Mpira ukipasuka, unyevu unaingia, grisi inakauka, pini inashika kutu, na kalipa haiwezi tena kuteleza. Pedi ya ndani inakwisha kabisa na ya nje imebaki nene kama biskuti. Mwenye gari anabadilisha pedi, miezi sita tena anabadilisha, anamlaumu muuzaji. Kumbe kosa ni la pini, na kuzisafisha na kuzipaka grisi ni kazi ya dakika kumi. Grisi iwe ile ya breki. Ile ya beringi huwa inavimbisha mpira. Kwa mtu wa Watamu, Mambrui au kule Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, mimi nasema pini zifunguliwe kila mwaka, pedi ziwe zimeisha au hazijaisha.

*Mimi ni wa tuktuk, Maweni. Haya mambo ya pedi yananihusu? (Dereva)*

Bajaj yako haina pedi. Ina dramu, yaani ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, na ndani yake laining zinazoisugua. Kanuni ya kuchelewa ni ileile, ila laining huzioni bila kufungua. Kwako wewe kujifanyia kuna faida kuliko kwa mwalimu: gari lako linabeba watu kutwa, linasimama kila hatua mia, na laining unabadilisha mara nyingi. Spana zako zitajilipa haraka.

*Nilibadilisha pedi mwenyewe, nikafuata kila kitu. Nilipowasha gari, pedali ikaenda mpaka chini kama hakuna breki! Nimeharibu nini? (Kijana wa Majengo)*

Pengine hukuharibu kitu, mdogo wangu, na nashukuru umeandika badala ya kuandikiwa.

Ili pedi mpya nene ziingie, uliisukuma pistoni irudi ndani. Sasa kuna nafasi tupu kati yake na pedi. Ukikanyaga mara ya kwanza, mafuta ya breki yanakwenda kujaza nafasi hiyo, gari halishikiki. Dawa yake ni kukanyaga pedali polepole mara kadhaa, gari likiwa limesimama, injini imezimwa, hadi iwe ngumu. Halafu tazama kiwango cha mafuta ya breki kwenye kopo lake. Ikiwa pedali bado ni laini kama sponji, hewa imeingia, na hapo mwite fundi aitoe.

Najua hili kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa bado mwanafunzi gerejini, nimemaliza kazi yangu ya kwanza peke yangu, nikarudisha gari nyuma kwa madaha ili mwalimu wangu aone. Pedali ikazama. Nilisimamishwa na mnazi. Hakuumia mtu, lakini dafu mbili zilianguka juu ya boneti, na zile dafu nikazilipia pamoja na boneti.

Kingine: kalipa ukiitoa, usiiache ininginie kwa mpira wake wa mafuta. Ifunge juu kwa waya. Mpira ule ukivutwa unaweza kuchanika ndani na nje usione kitu. Na zikishaingia, pedi mpya zinataka kufundwa. Toka asubuhi mapema barabara ikiwa tupu, fika kilomita 50 kwa saa, punguza taratibu hadi 10, bila kusimama kabisa, mara kumi hivi, ukiziacha zipoe katikati. Usizijaribu kwa breki ya ghafla.

*Nina Aqua. Haibridi ni tofauti? (Msomaji, Casuarina)*

Ndiyo. Pedi za haibridi, gari la petroli na umeme pamoja, zinakawia sana kuisha, kwa sababu mota inapunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri kabla pedi hazijashika. Lakini usizifungue wewe. Kwenye baadhi ya haibridi za Toyota, ukifungua mlango tu mfumo wa breki unajiamsha na kujaza presha, hata kama gari limezimwa, na pistoni inaweza kusukumwa nje mkononi mwako. Tafuta fundi anayezijua haibridi na mwenye kifaa cha kusomea kompyuta ya gari. Hapa elfu moja haitatosha, na ni haki yake.

*Sisi wa kisiwani Lamu tuna punda, breki zake ni mdomo. Lakini gari langu nimeliacha Mokowe, na mara nyingine linalala hata wiki sita kabla sijashuka nalo Malindi. Juzi magurudumu ya nyuma yalikataa kuzunguka. (Mzee wa Langoni)*

Mzee wangu, shikamoo. Hukufanya kosa la udereva, ulifanya kosa la uangalifu: ulivuta hendibreki ukaondoka. Wiki sita za hewa ya bahari, laining zikaganda kwenye dramu kwa kutu. Watu wengi hukanyaga mafuta kwa nguvu ili ziachie, na laining inang'oka kwenye chuma chake. Gongagonga dramu pande zote kwa nyundo ya mpira, kisha lisogeze mbele na nyuma kidogo kidogo.

Mafuta ya breki nayo uyakumbuke. Yanavuta unyevu wa hewani. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini ikishakunywa maji inaweza kuchemka kwenye 140 tu, na yakichemka breki zinakuwa hewa. Wewe una zaidi ya kilomita 200 mbele yako hadi hapa, na gari limejaa watu na mizigo. Yabadilishe kila miaka miwili, na kopo lililofunguliwa mwaka jana lisitumike.

Safari ijayo, egesha mahali pa tambarare, acha gari kwenye gia, au kwenye P kama ni otomatiki, hendibreki ishushwe, na magurudumu yawekewe mawe mbele na nyuma. Andika karatasi uibandike kwenye usukani: TOA MAWE.