Maswali ya Wasomaji: Fomu Inaposahau Ilichojazwa

Barua nne za toleo hili zinalalamikia ugonjwa mmoja: ukurasa wa Faces (fremu ya Java ya kujenga kurasa za wavuti), ile ambayo wengi bado tunaiita JSF, unapoteza hali yake katikati ya kazi. Kabla hujagusa mpangilio wowote, jua kwanza kilichopotea. Huenda ni sesheni nzima, yaani kumbukumbu ya seva kuhusu mtumiaji mmoja. Huenda sesheni ipo hai ila seva imeutupa mwonekano (view, yaani hali iliyotunzwa) wa ukurasa huo mmoja. Huenda vyote vipo, lakini bini (bean, kitu cha Java) iliyobeba data inaundwa upya kila unapobofya. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya kimoja haitibu kingine.

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Nimeandika mfumo wa kusajili wakulima wa zabibu kwa chama cha msingi huku Hombolo. Natumia Mojarra 2.3 (utekelezaji wa Faces) juu ya seva ya Tomcat 9. Karani hufungua tabo moja kwa kila mkulima. Mchana akirudi kwenye tabo za asubuhi na kubofya Hifadhi, anakutana na ViewExpiredException, viewId:/usajili.xhtml. Nimepandisha session-timeout kutoka 30 hadi 480, na hali ni ile ile. *Msomaji, Nkuhungu, Dodoma*

JIBU: Kwanza irudishe hiyo 480 iwe 30. Namba hiyo ni dakika, kwa hiyo umeiambia Tomcat itunze kila sesheni saa 8 baada ya ombi la mwisho, hata ya karani aliyekwisha kwenda nyumbani. Umeilipia kwa kumbukumbu ya seva bila kupata ulichokitaka.

Thibitisha hivi. Fungua ukurasa wa usajili, bonyeza F12, nenda kwenye orodha ya vidakuzi na uandike pembeni herufi za mwisho za JSESSIONID, kidakuzi kinachotambulisha sesheni. Kisha fungua tabo nyingine 15 za ukurasa huohuo, urudi kwenye ile ya kwanza na ubofye Hifadhi. Kosa litatokea palepale, bila kusubiri mchana. Tazama kidakuzi tena: kama herufi ni zilezile, sesheni haijafa. Kilichokufa ni mwonekano.

Sababu ni hii. Mpangilio wa kawaida wa Faces ni kuweka hali ya ukurasa kwenye seva, ndani ya sesheni. Ukiangalia chanzo cha ukurasa kwa Ctrl na U utaona uga uliofichwa unaoitwa javax.faces.ViewState, na thamani yake kwenye Mojarra ni namba mbili ndefu zilizotenganishwa na nukta mbili. Hiyo si data ya mkulima. Ni tiketi ya kuichukulia data kwenye rafu. Na rafu ina nafasi 15 tu kwa kila sesheni: ukurasa wa 16 ukifunguliwa, ule uliokaa muda mrefu zaidi bila kuguswa unasukumwa nje. Kubonyeza F5 nako kunachukua nafasi mpya. Karani mwenye tabo 10 aliyeonyesha upya kurasa sita tayari amevuka mpaka. (Kwenye MyFaces, utekelezaji mwingine wa Faces, mpaka wa kawaida ni 20, na thamani ya uga haionekani kama namba mbili.)

Unaweza kuongeza nafasi kwenye web.xml, faili la mipangilio ya programu:

```
<context-param>
  <param-name>com.sun.faces.numberOfLogicalViews</param-name>
  <param-value>25</param-value>
</context-param>
```

Usiichanganye na com.sun.faces.numberOfViewsInSession. Hiyo inahesabu hatua zinazopigwa ndani ya ukurasa mmoja fomu inapotumwa na kurudi, nayo pia ni 15. Maana yake sesheni moja inaweza kubeba hadi hali 15 mara 15, yaani 225. Zidisha kwa makarani wako, kisha zidisha kwa saa 8, utaona kwa nini tunaiogopa ile 480.

Hata hivyo, kuongeza nafasi ni kuahirisha tatizo. Tunachokushauri kwa moyo wote ni ukurasa unaoweza kujengwa upya kutokana na anwani yake peke yake. Weka namba ya mkulima kwenye anwani, usajili.xhtml?mkulima=1042, uipokee kwa f:viewParam na usome rekodi yake kwa f:viewAction. Fomu ndefu igawe vipande, kila kipande kihifadhiwe kama rasimu kwenye hifadhidata karani anapokimaliza. Hapo mwonekano ukitupwa, karani anafungua anwani ileile na kuendelea alipoishia. Umeme ukikatika, vilevile.

Utaambiwa pia ubadilishe javax.faces.STATE_SAVING_METHOD iwe client. Inafanya kazi: hali yote inasafiri ndani ya ukurasa, na hakuna rafu ya kujaa. Lakini kila kubofya kunapeleka na kurudisha mzigo huo, na karani anayetumia bando la simu ataulipia. Pia Mojarra huufunga mzigo kwa ufunguo unaotengenezwa upya kila seva inapowaka, hivyo ukiwasha Tomcat upya kurasa zote zilizo wazi zinakataliwa, mpaka uweke ufunguo wa kudumu kama env-entry yenye jina jsf/ClientSideSecretKey. Na bini za @ViewScoped za CDI (mfumo wa Java unaosimamia bini) hubaki kwenye sesheni hata hapo, kwa hiyo usidhani umeachana nayo.

Kama jaribio la vidakuzi lingeonyesha JSESSIONID imebadilika, tungesema mengine. Sesheni huhesabiwa tangu ombi la mwisho, na karani anayechapa fomu dakika 40 bila kubofya kitu hajatuma ombi lolote. Dawa yake ni JavaScript fupi inayoigusa servleti ndogo kila dakika 10 ukurasa ukiwa wazi. Servleti hiyo lazima iite request.getSession(false), la sivyo Tomcat kwa mpangilio wake wa kawaida haihesabu kuwa sesheni imeguswa.

SWALI: Nina fomu ya wauzaji wa alizeti. Mtu akichagua mkoa, orodha ya wilaya inajaa vizuri kwa ajax, bila kupakia ukurasa mzima upya. Akichagua wilaya na kuhifadhi, anaambiwa "Value is not valid". Hakuna kosa lolote kwenye logi. Bini ina @Named na @ViewScoped. *Msomaji, Singida*

JIBU: Hapa mwonekano na sesheni ni vizima. Kilichopotea ni bini. Mtu amechagua Dodoma, akaletewa wilaya zake, zikiwemo Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa, akachagua Kongwa. Wakati wa kuhifadhi, Faces hukagua kama Kongwa imo kwenye orodha iliyo kwenye bini *wakati huo*. Bini imezaliwa upya, orodha yake ni tupu, kwa hiyo Kongwa inakataliwa. Ujumbe unamlaumu mtumiaji ambaye hana kosa.

Weka System.out.println ndani ya mbinu yenye @PostConstruct, bofya mara moja, uhesabu mistari. Ikichapwa mara kadhaa kwa mbofyo mmoja, tazama mistari ya import: karibu hakika umeleta javax.faces.bean.ViewScoped. Hiyo ni ya bini za zamani za @ManagedBean na CDI haiitambui. Bini yako inahesabika kama isiyo na upeo (scope), na kila usemi wa ukurasa unaoitaja unapewa nakala yake mpya. Badilisha iwe javax.faces.view.ViewScoped, na darasa litekeleze Serializable. Anotesheni hizi mbili zina jina moja, na kihariri chako kinapopendekeza import huweka ya zamani juu ya orodha mara nyingi tu, kwa hiyo kosa hili linawapata hata mafundi wazoefu. Kuanzia Faces 3.0 majina yanaanza na jakarta, na kuanzia 4.0 kifurushi cha zamani kimeondolewa.

Ikichapwa mara moja tu kwa kila mbofyo, angalia mbinu zako za vitendo zinarudisha nini. Ikirudisha "usajili", hata kama ni ukurasa huohuo uliopo, Faces inajenga mwonekano mpya na bini mpya. Ukitaka kubaki palepale, rudisha null au uifanye void.

Tomcat haiji na CDI ndani yake. Hakikisha umeongeza Weld, maktaba inayoleta CDI, na faili la beans.xml liwe chini ya WEB-INF.

SWALI: Mfumo wetu ulifanya kazi vizuri kwa seva moja. Tumeongeza ya pili nyuma ya nginx, sasa karibu nusu ya mibofyo inagoma. *Msomaji, Ihumwa, Dodoma*

JIBU: Ukurasa umezaliwa kwenye seva ya kwanza, fomu imetumwa kwa ya pili, na ya pili haina rafu ile. nginx hugawa maombi kwa zamu, ndiyo maana ni nusu.

Kuongeza ip_hash kwenye kizuizi cha upstream kunatuliza kwa mstari mmoja, lakini jua mipaka yake. Kwa IPv4 inatazama sehemu tatu za kwanza za anwani tu. Wafanyakazi wa jengo moja wanaotoka kwa anwani moja ya intaneti wote wataangukia seva moja, nyingine ikae bure. Aliye kwenye simu anaweza kubadilishiwa anwani katikati ya fomu na akahamishwa. Njia imara zaidi ni Apache httpd yenye stickysession=JSESSIONID: kila BalancerMember apewe route yake, s1 na s2, na kwenye server.xml ya kila Tomcat, kipengele cha Engine kiwe na jvmRoute inayolingana herufi kwa herufi. Ukifaulu utaona JSESSIONID inaishia na .s1 au .s2. Isipoonekana nukta hiyo, jvmRoute haijasomwa.

Chunguza na hili: kama Tomcat ya majaribio iko kwenye mashine ileile, mlango 8081, na ya kazi iko 8080, zote kwenye njia ya /, zinafutiana kidakuzi. Vidakuzi havitofautishi milango. Ipe moja jina lake chini ya session-config, kwa cookie-config na name.

SWALI: Kitufe kinabofywa, hakuna kinachotokea. Hakuna ujumbe wala kosa. Ukionyesha upya ukurasa, kinafanya kazi. *Msomaji, Mpwapwa*

JIBU: Mwonekano umekwisha muda, lakini ombi ni la ajax. PROJECT_STAGE ikiwa Production, kosa la ajax halionyeshwi kwa mtumiaji. Ongeza maktaba ya OmniFaces, usajili org.omnifaces.exceptionhandler.FullAjaxExceptionHandlerFactory kwenye faces-config.xml, kisha kwenye web.xml weka error-page ya javax.faces.application.ViewExpiredException. Ukurasa huo useme kwa Kiswahili kwamba muda umekwisha, na uwe na kiungo cha kumrudisha mtu kwenye fomu yake.