Kwa mwanangu: ulipoigeuza kamera kwenye jua

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata, na vile vipande vya video ulivyonitumia kutoka Mombasa nimevitazama kwa siku tatu mfululizo, kila baada ya sala ya isha. Umeniuliza jambo moja: umekaa kijijini Matondoni siku nne ukimrekodi fundi wa mashua, umerudi na picha zenye urefu wa saa sita, na kila ukijaribu kuzifanya filamu ya dakika tano huoni pa kushika, je, ununue kamera iliyo bora zaidi, au ulipie kozi ya uhariri?

Mimi sikusomea filamu, na hilo unalijua. Kazi iliyokulea ni ya kurekodi arusi upande wa wanawake, ambako mwanamume haingii na simu za wageni hukusanywa mlangoni, na huko ndiko nilikojifunza hiki kidogo nitakachokwambia. Kwa maoni yangu, usinunue kitu wala usilipe karo kwa sasa. Kamera uliyo nayo inatosha, na mhariri, hata awe hodari namna gani, hana uwezo wa kukupa kile ambacho hukukirekodi.

Tazama tena kipande cha tatu cha siku ya pili. Fundi anatia kalafati: patasi iko mkono wa kushoto, nyundo ya mti mkono wa kulia, naye anasindilia pamba katika mwanya ulio kati ya mbao mbili. Mara anaacha. Anapitisha kidole gumba juu ya mshono, taratibu, anakirudisha nyuma kiasi cha shibiri moja, kisha bila kusema neno anamtazama yule kijana anayemsaidia. Kijana anainamisha kichwa, anaichukua patasi na kuanza kuing'oa pamba aliyoitia asubuhi. Nadhani ndivyo ilivyokuwa, kwa maana papo hapo wewe uliigeuza kamera ukaenda kulirekodi jua likizama nyuma ya mikoko, na sisi tukabaki kuisikia patasi ikikwaruza mbao.

Filamu yako ilikuwa mle. Palikuwa na kosa, palikuwa na aliyelitenda na aliyeligundua kwa kidole, na palikuwa na chombo ambacho hakiwezi kushuka majini mpaka mshono ule ushike. Mtazamaji angekaa kutaka kujua kama kijana ataweza mara ya pili. Jua la Lamu kila mgeni anayeshuka gatini analo kwenye simu yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kujifunza ni kukaa. Ndugu wawili wa Kifaransa, waanzilishi wa sinema, Auguste na Louis Lumière, walipowaonyesha watu picha zao jijini Paris tarehe 28 Desemba 1895, kila picha ilikuwa na urefu wa sekunde 50 hivi, kwa sababu utepe ulioingia katika mashine yao ulikuwa wa mita 17 tu, na kamera ilisimama mahali pamoja mwanzo hadi mwisho. Nakuomba ufanye hivyo hivyo kwa wiki moja: kila siku rekodi kitu kimoja kwa sekunde 50, kamera juu ya stendi, bila kuigeuza wala kuivuta picha karibu, na uchague kazi ambayo ndani ya muda huo huanza na kwisha, kama vile mtu kumpakiza punda mawe au mama kugeuza mkate wa mofa. Utaona jinsi ilivyo vigumu kujua wakati wa kuanza. Mimi katika arusi nilijizoeza kuhesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kuhama, na mara nyingi jambo lenyewe lilitokea nilipofika saba au nane.

Sasa nije kwenye sauti, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu hapa nilipata hasara ambayo hadi leo hainitoki. Mwaka 2004 nilimketisha babu yako, Mungu amrehemu, nikamrekodi akisimulia safari zake za ujana, walivyokuwa wakipakia boriti za mikoko na kwenda Arabuni kwa upepo wa kusi, kisha wakangoja kaskazi iwarudishe. Joto lilikuwa kali, nami kwa kumhurumia mzee nikaliacha pangaboi lizunguke juu ya kichwa chake. Sikuvaa hedifoni. Kanda ile ya saa moja ninayo. Uso wake unaonekana hadi chembe za jasho, lakini kila anapoishusha sauti kuzitaja nyota walizozifuata usiku, pangaboi linammeza. Nimewapelekea vijana wawili wenye programu za kusafisha sauti, na wote wakaniambia mamoja: ukilipunguza pangaboi, mzee naye anapungua. Majina ya zile nyota amekwenda nayo.

Basi vaa hedifoni kila unaporekodi, zima pangaboi na friji, na uiweke maikrofoni karibu na kinywa cha msemaji, kiasi cha shibiri moja, hata kama kamera iko mbali. Katika picha zako za Matondoni upepo unavuma juu ya maneno ya fundi kama mtu anayepuliza chupa; ile kofia ya manyoya ya maikrofoni ingekuokoa, na bei yake si ya kutisha. Na kabla hujaondoka mahali, rekodi dakika nzima ya mahali penyewe pasipo mtu kuzungumza. Sauti hiyo ukiitandika chini ya vipande ulivyovikata, sikio halitambui palipounganishwa.

Ile mistari myeusi inayopanda na kushuka katika picha za ndani si ubovu wa kamera. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa za tyubu humeta mara 100 kwa sekunde, nawe kamera umeiacha kwenye picha 30 kwa sekunde. Iweke 25, na shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, mistari itatoweka. Mengine ya mwanga unayajua: mtu mketishe dakani, kivulini, usimweke juani saa saba mchana.

Juu ya uhariri, usifungue kompyuta kwanza. Sikiliza saa zote sita, andika kwenye daftari kila kinachotendeka na dakika yake, kisha kata karatasi, tukio moja karatasi moja, uzipange sakafuni. Utazitupa nyingi. Na ile sentensi uliyoisoma mwanzoni, kwamba Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, iondoe. Ni kweli, lakini Matondoni iko upande wa pili wa kisiwa, na habari hiyo haimsaidii yeyote kuelewa kwa nini pamba ilipaswa kung'olewa. Afadhali umuulize fundi mwenyewe: "Ulijuaje kuwa imelegea?" Ulipomuuliza kazi hii ina umuhimu gani, alikujibu kama anavyowajibu maafisa.

Neno la heshima sihitaji kulirefusha kwako. Yule kijana amekosea mbele ya kamera. Mwonyeshe yeye na mwalimu wake filamu kabla haijaonwa na mwingine, na wakisema hapana, iwe hapana. Siku utakayomzuia fundi kazi ili azungumze nawe, mpe haki ya muda wake, ila usimpe kabla hajasema, asije akadhani unanunua maneno.

Nimemtuma mjomba wako akaulize. Chombo bado kiko juu ya magogo, upande wa kushoto haujamalizwa kalafati, na wanatumaini kukishusha bamvua la mwezi ujao. Njoo kabla ya hapo. Siku ya kwanza nenda na hedifoni na daftari tu, kamera niachie mimi hapa nyumbani.

Wasalaam,
Mama yako