Mawese nilipunguza, uvimbe haukusikia

Mdogo wangu wa Kasulu, umesema una miaka 38, altrasaundi imeonyesha uvimbe wa sentimita 5 kwenye kizazi, kolesteroli imesoma 6.1, na mama mmoja sokoni amekwambia mafuta ya damu ndiyo yaliyoganda yakawa uvimbe, kwa hiyo ukiacha mawese utayeyuka. Na mimi niliambiwa hivyohivyo hapa Ujiji, nikaamini kwa miezi minane.

Uvimbe ule hauna mafuta yaliyoganda. Ni misuli ya kizazi na nyuzi zake, vimeota kupita kiasi. Hauyeyuki kama samli.

Mimi nilikutwa nao nikiwa na miaka 42, ukiwa sentimita 6.2. Hedhi ilikuwa siku tisa, damu imeshuka hadi 7.4, presha 150 kwa 95, kilo 84. Siku hiyohiyo nikaandikiwa kipimo cha mafuta. Kwenye maabara niliyokwenda hakuna aliyeniuliza kama nimekula, nami asubuhi nilikuwa nimepiga kiporo cha sombe, yaani kisamvu, na chai ya maziwa. Trigliseridi, mafuta ya damu yanayopanda ukishakula, zikasoma 3.1. Nilirudi nyumbani nikihesabu watoto nitamwachia nani. Nikarudia maabara nyingine baada ya kukaa saa kumi na mbili bila kula, zikasoma 1.6, na mwisho unaotakiwa ni 1.7. Hofu ya bure kabisa! Kolesteroli ya jumla ndiyo ilikuwa juu kweli, 6.3, na LDL, ile mbaya, 4.2. HDL, ile nzuri, ilikuwa 1.4, na kwa mwanamke inatakiwa ipite 1.3.

Kwa hiyo hiyo 6.1 yako haijasema yote bado. Omba majibu yote manne. Na kama unameza vidonge vya uzazi wa mpango mwambie daktari, maana vyenye homoni ya estrojeni vinaweza kupandisha trigliseridi.

Basi nikakata mawese. Mtu wa Kigoma kukata mawese si jambo dogo, mashemeji walidhani nimegombana na mtu. Muuzaji wangu akaniambia mawese hayana kolesteroli. Ni kweli, yanatoka kwenye mmea, ila karibu nusu yake ni mafuta yale yanayoganda, na hayo ndiyo yanayolisukuma ini liache LDL nyingi kwenye damu. Dagaa nikachemsha na nyanya, migebuka nikachoma, jioni natembea kwa miguu hadi ziwani. Baada ya miezi minane: kilo 77, jumla 5.3, LDL 3.2. Nikaenda altrasaundi kwa mbwembwe. Uvimbe 6.8.

Nililia pale pale. Daktari akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa mtu yeyote. Estrojeni ni homoni yenye kazi nyingi. Kwenye kizazi, ikishirikiana na homoni mwenzake, projesteroni, inaulisha uvimbe. Kwenye ini inasaidia kuondoa LDL na kupandisha HDL. Ndiyo maana tafiti zilizopima mafuta ya wanawake wenye uvimbe zinapishana: nyingine zimekuta yako juu, nyingine zimekuta HDL yao ni nzuri kuliko ya wenzao. Na hedhi ikishakoma, homoni ikishuka, uvimbe kwa kawaida husinyaa, lakini LDL hapo ndipo inapopanda. Bibi anayesema "mimi uvimbe uliisha wenyewe" apime mafuta.

Nikamuuliza, mbona mimi nimekutwa na vyote viwili? Akasema uzito na umri vinavipa nafasi vyote, kwa sababu mafuta ya mwilini nayo hutengeneza estrojeni. Presha pia huonekana sana kwa wenye uvimbe. Uvimbe na kolesteroli wamekutana njiani tu, hawakuzaana.

Kilichokuwa kinanimaliza ni damu, wala si kolesteroli. Na kutoka damu hakufuati ukubwa wa uvimbe tu, kunafuata sana ulipokaa. Mdogo uliotokeza ndani ya mfuko wa uzazi unaweza kukuchosha kuliko mkubwa ulioning'inia nje. Uliza wako umekaa wapi, na pima wingi wa damu kabla ya kununua chochote. Mimi nilinunua chupa mbili za dawa ya "kuyeyusha uvimbe na kuosha mafuta". Sikuona kilichoyeyuka zaidi ya hela.

Mwisho, kwa kuwa watoto watatu wananitosha, nilichagua kutolewa kizazi, baada ya kumeza vidonge vya madini ya chuma hadi damu ikafika 11. Wewe kama bado unataka mtoto, uliza juu ya kutoa uvimbe peke yake, na kama kuna siku utaandikiwa dawa ya kushusha kolesteroli, sema mapema kwamba unatafuta ujauzito. Ovari zangu niliomba ziachwe, daktari naye akakubali: kuzitoa zote mbili kabla ya umri wa kukoma hedhi kunaongeza hatari ya moyo, na mimi LDL yangu ilikuwa na historia.

Huu ni mwaka wa pili. Presha bado nameza dawa, mafuta napima kila mwaka. Sombe nimerudi kuipika kwa mawese, vijiko viwili kwa sufuria nzima, na mume wangu kila Jumapili anauliza kama mafuta yamepanda bei.