Panda Darini Kabla Hujaandika BOQ

Wadogo zangu wa idara ya ujenzi, na nyie wa kitengo cha manunuzi mnaojifanya hayawahusu, salaam.

Juzi nimeletewa makadirio (BOQ, yaani jedwali la kazi, vipimo na bei) ya ukarabati wa zahanati, yameandaliwa na mhandisi wetu mpya. Jedwali safi, hesabu zinajumlika. Nikamuuliza kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zina hali gani. Akasema mganga mfawidhi alimtumia picha WhatsApp. Nikaiona hiyo picha: paa kwa nje, mchana wa jua kali, na mbuzi amesimama mbele. Kuhusu afya ya mbuzi sina shaka. Kuhusu kenchi bado nasubiri.

Siyo wa kwanza, ndiyo maana naandika. Kila mwaka wa fedha unaleta sura mpya na makosa yaleyale.

1. Ukarabati si ujenzi. Darasa jipya lina ramani ya wizara na bei yake inajulikana. Mwaka 2021, fedha za UVIKO zilipokuja, kila darasa lilitengewa milioni 20 na nchi nzima yakajengwa 15,000 kwa mtindo huohuo. Jengo kuukuu halina bei mpaka ulifungue. Kwa hiyo beba ngazi, tochi na bisibisi, upande juu. Dunga kwa bisibisi mbao zilizolalia ukuta, hasa kwenye kona na panapovuja. Bisibisi ikizama kama kwenye papai lililoiva, andika mbao mpya. Usiandike "kubadilisha baadhi".

2. Hilo neno "baadhi" mimi ndiye mwalimu wake. Nilikuwa mgeni halmashauri, nimetoka chuo na kofia ngumu ya kwangu mwenyewe, naivaa hata kantini. Nikapewa shule ya msingi ya kijijini, madarasa mawili na ofisi ya walimu katikati, paa linavuja. Fedha zilikuwa za mapato ya ndani, si nyingi, na diwani alishazitangaza kwenye mkutano wa hadhara. Nikaenda kwa pikipiki. Nikalizunguka jengo, nikapima urefu na upana, nikahesabu mabati kutoka chini huku nimekinga jua kwa mkono. Ndani kulikuwa na dari ya silingibodi iliyopakwa chokaa, imepinda kidogo katikati. Mwalimu mkuu akaniuliza kama nahitaji ngazi, jirani anayo. Nikamwambia haina haja. Nikanywa soda yake, nikarudi mjini.

BOQ yangu ikasema: kung'oa mabati ya zamani, kuezeka mapya ya geji 28 (geji ni namba ya unene wa bati), kofia za paa, misumari, rangi, na kenchi "kubadilisha baadhi, asilimia 10". Hiyo asilimia 10 sikuitoa kwenye kipimo chochote. Niliiandika kwa sababu ilipendeza. Na wakubwa wangu wote wakaipitisha, kwa kuwa na wao iliwapendeza.

Fundi alianza upande wa darasa la tatu. Hata saa nne haijafika akanipigia: "Injinia, njoo uone mwenyewe." Nikakuta mbao zina rangi yake kwa nje, ndani hakuna kitu. Mchwa walipandisha njia yao ya udongo kutoka kwenye msingi, nyuma ya kabati la vitabu, mpaka juu. Kazi ya kubeba ilikuwa imegeuka: mabati ndiyo yaliyozishikilia kenchi. Ile dari iliyopinda ilipindishwa na kinyesi cha popo cha miaka mingi. Kama ningepanda ile ngazi ya jirani ningeyaona yote kabla soda haijapoa.

Sasa mabati yameshanunuliwa, fundi ameshachukua awamu ya kwanza, na ya mbao hakuna. Kuhamisha fedha kutoka kifungu kingine kunataka menejimenti, kisha Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, kisha Baraza la Madiwani, na Baraza la kawaida linakaa kila robo mwaka. Masika hayana robo mwaka. Darasa la tatu wakahamia chini ya mwembe. Ikinyesha wanakimbilia kwa darasa la nne, wanapeana migongo, mwalimu mmoja anafundisha kuzidisha ukutani huku na mwenzake anasomesha hadithi kule. Mwalimu mkuu hakunigombeza hata siku moja. Kila asubuhi ya mvua alinitumia ujumbe wa maneno matatu: "Injinia, leo imenyesha." Nilifika mahali nikawa naogopa kufungua simu kabla ya kuangalia dirishani.

Barazani mkurugenzi akajibu kwamba kazi imechelewa kutokana na changamoto za kitaalamu. Diwani akasimama kwa swali la nyongeza: "Mheshimiwa Mwenyekiti, hizo changamoto za kitaalamu zina jina?" Ukumbi ulicheka. Mimi nilikuwa safu ya nyuma na wakuu wa idara, nasoma kabrasha la kikao juu chini.

3. Kazi hiyohiyo ya paa ilikuwa na mkia. Mabati tuliyong'oa tulirundika nyuma ya shule bila kuhesabu. Mkaguzi wa ndani alipofika, rundo limekonda na mabanda ya kuku ya jirani yameezekwa vizuri. Mali chakavu ni mali ya umma. Hesabu mabati, milango, hata vitasa, ingiza kwenye leja, mkuu wa shule asaini, na pasitoke kitu bila kibali cha uondoshaji.

4. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni na MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, haina huruma. Fundi wako awe amejisajili mapema NeST, mfumo wa manunuzi ya umma. Msikae kumtafutia namba ya mlipakodi (TIN) mwezi wa Juni, kisha mkailaumu intaneti.

5. Kwenye force account, yaani mnapojenga wenyewe kwa fundi badala ya mkandarasi, kamati ya mapokezi ya vifaa si ya kupamba faili. Namkumbuka mama mmoja, mjumbe wa kamati ya shule, aliyekataa kusaini lori la mchanga mpaka apande juu. Dereva akacheka. Mama akafunga khanga kiunoni, akapanda na jembe, akachimba: juu mchanga wa mto, chini udongo mwekundu. Lori likageuza. Mwaka uliofuata walimwondoa kwenye kamati, wakasema anachelewesha kazi. Mtu kama huyo akiwepo kwenye kata yako, mtetee.

Mfundisheni na geji pia: namba ikipanda, unene unashuka. Geji 32 ni jepesi kuliko 28, na wauza mabati wanajua kwamba wengi hudhani kinyume.

6. Paa la asbesto lisiguswe kwa nyundo wala msumeno. Vumbi lake linaua mapafu. Ita wataalamu wa mazingira kwanza.

7. Mnaopangiwa miji yenye majengo ya Wajerumani, kama Bagamoyo na Mikindani: kuta za mawe na chokaa msizipige ripu ya saruji. Unyevu unakosa pa kutokea, na ripu inabanduka na ukuta wake.

8. Piga picha kabla, wakati na baada. Wakaguzi wa CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hawaoni nondo iliyokwisha kuzikwa kwenye zege, na hoja ya ukaguzi isiyofungwa utaieleza Dodoma mbele ya LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, ukiwa nyuma ya mkurugenzi mwenye hasira.

9. Weka fungu la dharura kwenye kila BOQ ya jengo kuukuu. Wakilikata menejimenti, omba uamuzi huo uingie kwenye muhtasari wa kikao.

10. Diwani akikupigia Jumapili kuuliza kazi inaisha lini, mpe tarehe ya mabati kufika saiti, siyo ya kukabidhi jengo. Na kama hata hiyo huna, mwambie huna. Atafoka, atakata simu, na Jumatatu atampigia mkurugenzi. Wewe uwe umeshamwambia mkurugenzi Jumapili hiyohiyo.